Majina Chini ya Picha

"Huyu ni mimi," mzee akasema, na kidole chake kilichopinda kikaganda juu ya picha.

Warigia alishtuka. Karatasi hiyo aliichapisha kutoka kwa intaneti mjini Nyeri, kwa sababu mhadhiri wake aliwaagiza wanafunzi wapime kama ukurasa wa tovuti kuhusu ubaguzi wa enzi ya ukoloni unaaminika. Ilionyesha familia ya setla Mzungu barazani, watu watano, mbwa wao, na mpishi kijana aliyebeba sinia.

"Wamesema nini?"

"Ati hakukuwa na ubaguzi, Baba. Ati mpishi alikuwa kama mtoto wa nyumba hiyo."

"Basi nisomee mahali wameandika jina yangu."

Warigia akasoma majina yote polepole. Yalikuwa sita, na la sita lilikuwa la mbwa.