Wachumba Wasiofika

Mwanaume wa nne naye hakutokea. Fundi Makochi alikaa mgahawani, meza ya karibu na mlango, mbele ya macho ya watu wote, mpaka soda ikaisha gesi na mhudumu akaanza kufuta meza isiyo na tone. Alipopiga, simu ya mchumba ilikuwa imezimwa.

Hakuwa mjinga. Tahadhari zote alizishika kama anavyoshika vipimo vya kitambaa: waonane kwa video kwanza, asitume hela, asipande gari la mtu, wakutane mchana penye watu. Na kubwa kuliko zote, mtu wa nyumbani ajue anakwenda kwa nani. Mtu huyo alikuwa dada yake mkubwa. Jina, picha, namba ya simu, vyote alimkabidhi yeye.

"Si nilikwambia?" dada alisema jioni, akimpakulia chakula kabla hajavua viatu. "Mtandaoni hakuna waume, kuna matapeli."

"Tapeli gani asiyeomba hata vocha?"

"Kakuona mjanja. Kula, mdogo wangu."

Fundi aliisukuma sahani. Sebule yake ilijaa watoto wa dada, kama ilivyojaa tangu ndoa ya mama yao ivunjike. Aliwapenda, aliwasomesha. Lakini mchana kutwa kushona makochi ya maharusi wa wenzako, usiku ukumbatie mto, hayo nayo ni maisha?

"Kabaki mmoja," alisema. "Mwalimu wa udereva. Nikimkosa na huyu, basi tena. Nazeeka na sindano zangu."

"Leta namba." Mkono wa dada ulikuwa umeshanyooshwa. "Na akikuoa, mtaishi kwake au hapa?"

"Dada! Mtu sijakutana naye, wewe ushamhamisha?"

Watoto wakacheka.

Siku ya miadi, saa ikafika, ikapita. Fundi alikuwa ameshatundika mkoba begani, mwalimu wa udereva alipoingia. Hakukaa.

"Samahani. Nilikuwa hapo nje nakuangalia. Nusura nirudi."

"Mbona wote mnanifanyia hivi? Nimeota pembe?"

"Nimeletewa maneno. Ila na sisi wanaume tunaonywa: usimwamini mtu wa simuni mpaka umwone kwa macho."

Akaweka simu mezani, akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke, ya upole, yenye huruma tele.

"Kaka yangu, hunijui, ila nakuhurumia. Huyo ana mume na watoto. Mimi ndiye mke mwenzake. Mwenzako wa juzi nilimwambia, akanishukuru."

Fundi hakuuliza ni nani. Asubuhi ile ile, mwenye sauti hiyo alikuwa amemnyooshea kola, akamsindikiza mpaka mlangoni na kumwambia, "Nenda salama, mdogo wangu. Safari hii Mungu atakupa."