Mwizi wa Maharage ya Kuchakuro

Zamani, wanyama walipokuwa wakilima wenyewe, mvua za vuli zilimkuta Kuchakuro ameshapanda tuta la maharage. Kila asubuhi aliyafukua, akayapangusa udongo, akayauliza, "Mmelalaje, wanangu?" Kisha akayafukia tena. Halikuota hata moja.

"Kuna mwizi anayaharibu!" akamlilia jirani yake, Bibi Nungunungu.

Bibi akang'oa miiba mgongoni mwake, akalizungushia tuta ua. Kesho yake Kuchakuro akaja mbio kuwaamkia wanawe, akachomwa pua. Tangu hapo akawa anawachungulia kwa mbali tu. Wiki haijaisha, maharage yakachomoza.

"Bibi, mwizi tumemweza!"

Bibi akaipuliza ile pua iliyovimba. "Tumemweza, mjukuu wangu. Bado inauma?"