Kaa na Jiwe la Utelezi

Hakuna mwambani aliyependa usafi kama Kaa. Tasi, samaki mdogo aliyekuwa mwanawe wa kulea, alipoota madoa meupe, alimtenga katika kidimbwi kinachoingiwa na bahari wakati wa bamvua tu, maji yanapojaa kupita siku zote, asiwaambukize wenzake. Humo mlikuwa na jiwe moja, lenye ute na utelezi.

"Jiwe hili linanuka," Kaa alimwambia jirani yake, Konokono.

"Liache, shoga. Mna vijidudu humo visivyoonekana, ndivyo vinavyokula uchafu wa mgonjwa. Mola kavipa kazi hiyo."

"Wewe nawe ute mtupu, utaacha kuutetea?" Kaa akacheka, akalisugua jiwe kwa mchanga mpaka likang'aa.

Siku ya tatu madoa yalianza kufifia, lakini Tasi alikuwa akihema juu juu. Uchafu wake ulikosa wa kuula, ukageuka sumu majini.

"Shoga, niurudisheje ute?" Kaa alilia.

"Hurudi wenyewe, baada ya majuma."

"Na bamvua ya kumtoa humu?"

"Bado siku tisa. Tumwombe Mungu."

Wakaomba. Kaa akajilaza kando ya mwanawe, na kwa kuwa maji yalikuwa maangavu, alimwona vizuri mpaka mwisho.