Kazi Ulizofanya

Kwenye mstari wa "kazi ulizofanya", Gisèle aliandika: Hakuna.

Mama mshauri wa wanafunzi aliisoma fomu yake ya kuomba kazi, kisha akamtazama viganja. Sugu zilikuwa zimepangana hapo, ngumu na za manjano kama punje za mahindi makavu.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Ku upondo wa kusukumia mtumbwi, Mama. Wakati ya vita maboti yalisimama, na baba akagonjwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Njo mimi nilivusha watu kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto." Akaficha mikono chini ya meza. "Lakini ile haikuwa kazi. Ilikuwa vita."

"Na leo asubuhi, nani alikuvusha?"

"Nimejivusha mwenyewe. Na wanafunzi wenzangu sita."

"Leo pia iko vita?"

Gisèle akaitoa mikono chini ya meza, akaitazama. Mama mshauri alikwisha kuruka kutoka kitini, kitambaa kikimdondoka kichwani, akipekua makaratasi mpaka akaipata barua ya watu wa bandari. Walitaka mwanafunzi wa kujifunza kuongoza maboti, mwenye kujua mchanga wa mto Lualaba unahamia wapi. Wiki tatu, hakuna aliyejitokeza. Akapiga simu papo hapo.

"Allô? Muntu wenu iko hapa!" Akamsukumia Gisèle simu.

"Unaijua njia ya maji?" sauti ikauliza.

Gisèle alikuwa amekwisha kusimama bila kujua, viganja vyote viwili vimeikamata simu kama upondo.

"Ya kiangazi," akasema, "ao ya mvua?"