Sweta la Kifungo Chekundu

Siku ya kufunga shule, baada ya misa, Sista Mkuu alinyanyua kimoja kimoja vitu vilivyookotwa muhula mzima.

"Watoto wenu husahau kila kitu isipokuwa njaa!" alitania. Wazazi wakacheka.

Likafuata sweta dogo. Kifungo chake cha juu, chekundu, kilikuwa kikubwa kuliko vingine.

Fundi cherehani, aliyekuja kumchukua kitindamimba wake, alikijua kifungo kile. Alikishona asubuhi moja mbiombio, uzi akaukata kwa meno. Mwenye sweta, kifungua mimba wake, walimzika kabla ya mitihani.

"Halina mwenyewe?" Sista aliuliza.

"Basi naliomba mimi, Sista," alisema mama mmoja nyuma. "Wangu litamtosha."

Fundi akasimama.

"Lina mwenyewe," akasema, akaketi tena bila kwenda kulichukua.