Unga Ulioshinda

Mke alipomwaga maji ya kabichi kwenye sinki kwa mara ya pili, wifi yake uzalendo ulimshinda.

“Wewe wifi, unapika au unafua? Utamu wote umekwenda na maji!”

Mke aliikamua ile kabichi, akaishindilia kwenye chupa, akaimiminia siki. Hiyo ndiyo mboga aliyomlisha mumewe tangu arudi kutoka hospitali na miguu iliyovimba, na dada mtu roho ilimuuma. Huyo alikuwa kaka yake wa pekee. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea. Leo amwone anakondeshwa kwa majani ya siki, anyamaze?

Alikuwa amekuja na unga wake wa mbegu za maboga, alizokaanga na kusaga kwa mkono wake mwenyewe. Mke akaufungia kabatini. Ndipo vita vilipoanza.

“Kaka akipata nafuu,” dada mtu alitangaza sebuleni, mbele ya ndugu wote, “namtafutia mke anayejua kupika. Na mwenyewe ameshakubali.”

Mgonjwa, pale kochini, alicheka. Hakukanusha.

Mke alimtazama mumewe. Kisha akasema kwa upole, “Wifi, ya nini kuandikia mate na wino upo? Kazi yangu ni kupima vyakula. Nitavipeleka vyote viwili maabara. Kitakachoshinda ndicho atakachokula.”

Majibu aliyatangaza mwenyewe, ndugu wakiwa wamekaa kama wanasomewa hukumu. Kwa protini, unga uliiacha kabichi mbali. Madini ya chuma, potasiamu, fosforasi, kote huko ni unga tu.

“Kabichi yangu haina kitu,” alikiri, macho chini. “Ni nyuzi na maji. Wifi alisema kweli, mimi ndiye mbishi.”

Dada mtu alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia dirishani. Hakuwahi kumwona msomi akinywea namna ile, na alifurahi, tena alifurahi vibaya. Tangu siku hiyo jiko likawa lake. Asubuhi uji wa mbegu, mchana mchuzi wa mbegu. Kaka akilalamika kwamba mikono imelegea, anaongezewa kijiko.

“Kula, baba,” dada alimwambia. “Nguvu haziji kwa maneno.”

Mke naye hakuweka kinyongo. Alishika bakuli, akambembeleza mumewe amalize.

Asubuhi moja mgonjwa aliinamia uji wake na hakuinuka tena. Walimkimbiza hospitali, lakini ilikuwa kazi bure.

Daktari aliwakuta wanawake wawili wamekumbatiana kwenye benchi, mke akimfuta wifi yake machozi. Dada mtu alilia akihesabu wema wake wote: alivyomlea, alivyomsagia mbegu, alivyomkorogea uji kila siku ya Mungu.

Daktari alimvuta pembeni.

“Dada, hapo mimi sielewi,” alisema kwa sauti ya chini. “Figo zake zilikuwa zimekwisha, haziwezi tena kuitoa potasiamu mwilini. Mkewe mwenyewe alinifuata akaniuliza ni chakula gani kingeweza kummaliza upesi, ili amwepushe nacho, nami nikamtajia mbegu za maboga.”