Bwana Harusi Mwenye Tope

Punda Milia alikwenda kuoa saa sita mchana, milia yake imesuguliwa hadi inang'aa. Walipofika dimbwini, mshenga wake Ngiri alisimama.

"Bwana harusi, jua hili litatuua. Kunywa maji, ujipake tope, tungoje kivulini hadi jioni."

"Tope siku ya harusi yangu? Bibi harusi atanikataa!"

Akaondoka peke yake. Hakufika mbali, miguu ilimlegea, akaanguka. Ngiri akamburura hadi dimbwini, akamgaragaza.

Jioni walifika ukweni. Bwana harusi alijaa tope hadi masikioni, na wageni wakacheka.

Bibi harusi hakucheka. "Mchumba wangu wa kwanza alitembea kwenye jua kama hili," alisema. "Alifika safi, akafa mlangoni. Huyu nimemkubali. Tena asioge, kesho pia kuna jua."